Wastani wa kaunti unazificha jamii ndogo za Pwani

Kwa Mhariri,

Kila ripoti ya afya inapotolewa, viongozi wetu hapa Mombasa husoma tarakimu moja ya kaunti nzima, wakaisifu au wakaisikitikia, na mjadala ukaishia hapo. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini tarakimu hiyo haimsaidii Mbajuni wa Kisauni, wala Mmakonde na Mpemba wa Kwale anayevuka feri ya Likoni kuja kutafuta matibabu, wala Mhindi wa Mji wa Kale ambaye wengi hudhani hana shida yoyote kwa kuwa ana duka. Nieleze pia kwa nini sehemu kubwa ya habari tunazozihitaji imo tayari katika rejista za zahanati zetu, ila imelala tu. Nilifanya kazi ya rekodi za afya katika vituo vya umma vya Pwani hadi nilipostaafu, na mengi nitakayoyasema ni ya kalamu na daftari, si ya siasa.

Utafiti wa kitaifa wa watu na afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 89 ya watoto nchini walizaliwa mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi, ilhali mwaka 2014 walikuwa asilimia 62. Hayo ni mafanikio makubwa, na anayeyabeza hakuziona wodi za uzazi za zamani. Lakini mtu wa rekodi haulizi habari za wale 89. Huuliza wale 11 waliobaki ni akina nani na wanaishi wapi. Kama wametawanyika sawasawa kila mtaa, dawa yake ni kuongeza wakunga na vitanda kote. Kama wamerundikana katika vijiji vichache vya wavuvi, au miongoni mwa akina mama wasio na vitambulisho, au katika jamii ambayo wanawake wake hawako radhi kuzalishwa na mwanamume, basi kuongeza vitanda kote ni kupeleka pesa mahali pasipo na upungufu. Wastani hauwezi kutuambia lolote kati ya hayo.

Hata pale ambapo kabila huulizwa, majibu hufungwa pamoja kabla hayajatufikia. Katika majedwali ya utafiti kama huo wa 2008-09, kwa mfano, Mijikenda na Waswahili wamewekwa katika mstari mmoja. Wataalamu wana sababu yao, nayo ina uzito: utafiti huuliza watu wachache kwa niaba ya wengi, na ukiwagawa sana kila fungu hubaki na watu kidogo mno kutolewa hukumu juu yao. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba Mswahili wa Kibokoni, ambaye hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile tuliyozoea kuiita Makadara, iko karibu naye, na Mgiriama wa Bamba, anayeishi nyika kavu mbali na hospitali yoyote kubwa, wanasomwa kama mtu mmoja. Jamii ndogo zaidi, kama Wasanye, hata nusu ya mstari hawana. Huangukia kwa “wengineo”.

Rejista za vituo hazina udhaifu huo, kwa sababu zinamwandika kila aliyeingia mlangoni. Mama akija kliniki ya wajawazito huandikwa jina, umri, na kijiji au mtaa anakotoka. Mwisho wa mwezi rejista hiyo huhesabiwa kwa vijiti, majumla yakaandikwa katika fomu, na fomu ikaingizwa katika mfumo wa habari za afya ambao nchi nzima imekuwa ikiutumia tangu 2011, na ambao programu yake ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Ni mfumo mzuri na sina neno nao. Afisa aliyeko Nairobi anaweza kujua kwa dakika chache ni wajawazito wangapi walihudhuria kituo fulani cha Likoni mwezi uliopita. Asichoweza kukijua ni kama walitoka Mtongwe, Shika Adabu, au ng’ambo ya mpaka wa Kwale, kwa kuwa safu ya mtaa haipandi kwenye fomu ya mwezi. Hubaki kwenye daftari, na daftari likijaa hufungwa kwa kamba likapelekwa stoo. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiwauliza watu wanakoishi, tukawaandika kwa uangalifu, kisha tukalitupa jibu.

Hapo ndipo ningependa tuanze. Sisemi kabila iingizwe kesho katika kila fomu ya hospitali. Nitaeleza baadaye kwa nini naogopa jambo hilo. Nasema safu ya mtaa ipande pamoja na zile nyingine, ili takwimu za Mombasa zisomwe kwa wadi zote 30 na hata chini ya wadi. Katika mji wetu, ambamo watu wa jamii moja mara nyingi hukaa pamoja kwa vizazi, mtaa peke yake utatuonyesha tofauti nyingi bila ya kumuuliza mtu yeyote asili yake.

Jambo la pili ni majina, na wasomaji wa Pwani watalielewa upesi kuliko waliobuni mifumo. Ili rekodi za vituo mbalimbali ziunganishwe, lazima kompyuta itambue kwamba mgonjwa wa huku na wa kule ni mtu mmoja. Sasa mchukue mtoto ambaye kwao anaitwa Fatma Athman Ali. Katika zahanati ya Kisauni ataandikwa Fatuma Athumani, hospitalini Fatma Othman, na katika cheti cha kuzaliwa litatiwa jina la ukoo ambalo hakuna mtu nyumbani anayelitumia, kwa sababu fomu ilidai jina la ukoo na sisi tunajiita kwa baba na babu. Tarehe ya kuzaliwa nayo hukadiriwa. Kompyuta itaona watoto watatu, kila mmoja mwenye afya ya kuridhisha, kumbe ni mtoto mmoja aliyeugua mara tatu.

Na huenda mtoto huyo ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Ugonjwa huu umeenea Pwani kwa sababu inayojulikana vyema: anayerithi chembe yake ya urithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, kwa hiyo imedumu katika jamii zilizoishi na mbu kwa karne nyingi, ilhali anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Mtoto kama huyo hupelekwa kituo hiki akaandikiwa malaria, kituo kile akaandikiwa upungufu wa damu, na cha tatu akaandikiwa maumivu ya viungo. Kila karani ameandika kweli. Habari hizo tatu zikikutanishwa, muuguzi yeyote mwenye uzoefu angeagiza kipimo cha damu siku hiyohiyo. Kuziunganisha rekodi kwa sheria za majina zilizotungwa kwa ajili ya watu wenye jina la ukoo ni kuhakikisha kwamba makosa yanawaangukia hasa watoto wetu, na sioni dalili kwamba jambo hili linawashughulisha wanaonunua mifumo.

Tunao mfano wa jirani wa kazi iliyofanywa vizuri. Tangu mwaka 2000, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pamoja na washirika wake wa Wellcome Trust, mfuko wa Uingereza unaogharimia utafiti wa afya, imekuwa ikizihesabu kaya za eneo kubwa la Kilifi mara kwa mara, kila mtu akiwa na nambari yake, na nambari hiyo huoanishwa na rekodi za hospitali ya Kilifi mtoto anapolazwa. Kwa njia hiyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 katika jarida la Lancet uliweza kupima jinsi watoto wa selimundu wa eneo hilo wanavyoshambuliwa na maambukizi ya bakteria katika damu kuliko watoto wengine, na kwamba bakteria aliyeongoza ni yule wa nimonia ambaye chanjo yake ilikuwapo duniani. Kenya ilianza kuitoa chanjo hiyo kwa watoto wote mwaka 2011, na rekodi zilezile za Kilifi zikaja kuonyesha kwamba maradhi makali yanayotokana na aina za bakteria zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tofauti kati ya Kilifi na vijiji vingine vingi vya Pwani ni kwamba wao walihesabiwa, na rekodi ya nyumbani ikajua ilipo rekodi ya hospitali.

Niwageukie sasa wale ambao hawamo katika daftari lolote. Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo, na katika takwimu maneno hayo ni kweli tupu. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kulima mashamba enzi za ukoloni, walilazimika mwaka 2016 kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, wakaanza kupewa vitambulisho mwaka 2017. Wapemba walisubiri hadi 2023. Bima ya sasa ya afya ya taifa, SHA, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, humsajili mtu mzima kwa kitambulisho. Ikiwa mfumo wa kuunganisha rekodi za afya utajengwa juu ya usajili wa bima peke yake, kila asiye na kitambulisho atatoweka kimyakimya. Mfumo utasema jamii fulani haina wagonjwa wa presha, kumbe haina vitambulisho. Kwa hiyo vituo viruhusiwe kumpa mgonjwa nambari ya muda inayofuatana naye kutoka zahanati hadi rufaa, kadi au hakuna kadi, na idadi ya wenye nambari za muda ichapishwe kwa kila wadi. Tarakimu hiyo peke yake itatufunza mengi kuhusu nani amesahauliwa.

Na tusidhani kwamba tofauti za afya ni habari za maskini tu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2004 kwamba watu wengi wenye asili ya Asia hufikia hatari ya kisukari na maradhi ya moyo wakiwa na uzani mdogo kuliko Wazungu, likapendekeza kwamba hatua za afya ya umma kwao zianzie kwenye 23 katika kipimo cha uzani kwa urefu (BMI) badala ya 25 iliyozoeleka. Mhindi wa Mombasa anayeambiwa kwamba uzani wake ni wa kawaida huenda hayuko salama. Lakini wengi wao hutibiwa katika hospitali za binafsi, na kinachoonekana huko kisipofika katika idara ya afya ya kaunti, hakuna atakayekwenda kupima sukari misikitini na mahekaluni mwao.

Nchini Uingereza wamekwenda mbali zaidi, kwa kuwa kule kabila huandikwa na daktari wa mtaa. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, watafiti walichambua kwa pamoja rekodi za watu wazima zaidi ya milioni 17 wa England, wakathibitisha kwamba watu weusi na wenye asili ya Asia Kusini walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, hata baada ya kuzingatia umri, umaskini na maradhi mengine. Ripoti zao za vifo vya uzazi nazo zilikuja kuonyesha kwamba mwanamke mweusi alikuwa katika hatari ya kufa kwa ujauzito na uzazi takriban mara nne ya mwanamke mzungu. Bila ya rekodi kuunganishwa, vifo hivyo vingebaki misiba ya nyumba moja moja. Ila kuna jambo katika ule utafiti wa korona ambalo kwangu ni kubwa kuliko matokeo yake: rekodi zenyewe hazikutolewa zilipohifadhiwa. Watafiti walipeleka maswali yao huko, wakarudishiwa majumla, na hakuna aliyeondoka na faili la mgonjwa.

Hili linanileta kwenye hofu, ambayo ni ya haki. Wakubwa wa afya wanapowasihi watu waseme asili na maradhi yao, hupenda kutukumbusha kwamba mficha uchi hazai. Ni sawa, lakini wamwulize Mswahili, Mwarabu, Mnubi au Msomali wa nchi hii alivyopigwa msasa mbele ya kamati akiomba kitambulisho, huku jirani yake mwenye jina la bara akikipata bila ya kuulizwa babu yake alizaliwa wapi. Agizo la rais la Februari 2025 la kuondoa msasa huo wa ziada ni la juzi tu. Kwa mtu aliyepitia hayo, swali la kabila kwenye dirisha la hospitali si swali la afya.

Wala hofu hiyo si ya Pwani pekee. Wahavasupai, jamii ndogo ya wenyeji asilia wa Arizona nchini Marekani, walitoa damu yao kuanzia mwaka 1990 wakitaraji utafiti wa kisukari kilichokuwa kikiwamaliza. Baadaye waligundua kwamba damu hiyo ilitumiwa pia kuchunguza maradhi ya akili na asili ya kuhama kwao, mambo ambayo wanasema hawakuyakubali. Walishtaki, na mwaka 2010 chuo kikuu kilichohusika kikakubali kuwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Hapa kwetu, Mahakama Kuu mwezi Julai 2024 ilizibatilisha sheria mpya za afya, pamoja na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kabla ya Mahakama ya Rufani kuusitisha uamuzi huo; na Desemba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu ya makubaliano ya afya kati ya Kenya na Marekani inayohusu kupeana data za wagonjwa. Anayedhani kwamba wananchi hawajali nani anasoma faili zao hajasikiliza.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu, na asili yake ya kikabila pia, kuwa data nyeti. Inampa haki ya kuelezwa data zake zitatumiwa vipi, kuziona, kupinga, na kutaka zirekebishwe. Ni sheria nzuri iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Jamii ndogo ina hatari nyingine ambayo idhini ya mtu mmoja haiizuii. Ukichapisha kwamba katika mtaa fulani, katika jamii fulani, kuna wagonjwa wawili wa kifua kikuu, hukutaja jina la mtu, lakini kufikia adhuhuri baraza zima litakuwa limeshawajua. Kwa hivyo hesabu yoyote iliyo chini ya kumi isichapishwe. Iunganishwe na ya mtaa wa pili au ya miaka miwili. Swali la asili liulizwe kwa hiari, mgonjwa ajitaje mwenyewe kama anavyojijua bila ya karani kumkisia kwa rangi au jina, na anayekataa ahudumiwe vilevile. Polisi na maafisa wa uhamiaji wasiwe na ufunguo wa mfumo huo, na hilo liandikwe waziwazi, si kuachiwa hisani ya ofisi.

Zaidi ya hayo, takwimu zirudi kwa wenyewe. Katika miaka yangu yote ya kazi nilipeleka fomu juu kila mwezi, na sikumbuki hata mara moja tarakimu hizo zikishuka hadi kwenye baraza la mtaa zilikotoka. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tangu Septemba 2023 wamepewa simu za kuandikia habari za kaya, wanajua kila mlango wa mitaa yao. Wao ndio wangeweza kukaa na wazee, maimamu, wachungaji na vikundi vya akina mama kila robo mwaka, wakawaonyesha watoto wangapi wa mtaa wao wamekosa chanjo ya pili ya surua na kuwauliza sababu. Jibu la swali hilo halimo katika mfumo wowote. Linaweza kuwa ni saa za kliniki kugongana na saa za kuuza samaki, au muuguzi mwenye ulimi mkali.

Magonjwa hayajui mpaka wa kaunti, nayo hospitali ya Makadara hupokea wagonjwa kutoka kaunti zote sita za Pwani. Mama aliyelazwa hapa akitoka Shimoni huhesabiwa Mombasa, kisha Kwale wakaambiwa kwamba mambo yao ni mazuri. Jumuiya ya Kaunti za Pwani, ambayo mikutano yake husikika zaidi ikizungumzia uchumi, ndiyo mahali panapofaa kutiwa saini makubaliano ya kurudishiana takwimu za wagonjwa kwa kufuata kijiji wanakotoka.

Naiomba basi Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa ijibu maswali mawili hadharani. Je, ni lini safu ya mtaa itaanza kuingizwa pamoja na majumla ya kila mwezi? Na je, vituo vyetu vina maafisa wa rekodi wa kutosha kuifanya kazi hiyo, au muuguzi ndiye atakayezidishiwa, achague kati ya kalamu na mgonjwa? Kwa mujibu wa sheria, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Wawakilishi wadi wa Kisauni, Likoni, Mvita, Nyali, Jomvu na Changamwe watakapoufungua ukurasa wa afya, watazame kama mishahara ya maafisa hao imo, kwa kuwa kompyuta zitakuwamo bila shaka yoyote.

Afisa mstaafu wa rekodi za afya,
Kisauni, Mombasa